Namba Umeiweka Wapi?

Siku ya tano ya kazi ile, mzee mmoja alisimama kwenye lango la ploti akaniuliza swali ambalo sikulielewa. Hakunisalimia kwanza, na mzee wa Kisumu haruki salamu ovyo. Alilitazama kwa muda behewa la reli nililokuwa nikilisugua, akalifuata ubavu mmoja hadi mwisho, akarudi.

"Namba umeiweka wapi?"

Nilidhani anataka ya simu, kwa kuwa wateja huja hivyo hivyo. Nikazima grainda, mashine yangu ya kusagia chuma, nikaanza kumtajia: sifuri, saba... Akanyanyua mkono.

"Si yako. Ya wagoni."

Nikamwonyesha ukuta wa chuma uliokuwa uking'aa kama sufuria mpya. Nikamwambia hapakuwa na namba, palikuwa na kutu na rangi iliyobanduka tu. Akatikisa kichwa. "Ilikuwepo. Sasa iko hapo chini." Akaelekeza fimbo yake kwenye vumbi jekundu lililotanda juu ya nyasi na juu ya viatu vyangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kiko Kibuye, hapa Kisumu. Natengeneza mageti, grili za madirisha, stendi za tangi za maji, mikokoteni. Kabla ya hapo sikuwa nimegusa kitu chochote cha reli kikazi, ijapokuwa nimekulia Luanda ya Vihiga, si mbali na njia ya kwenda Butere. Tawi hilo lilifika Butere enzi za ukoloni, na babu yangu alizoea kusema kwamba mahindi ya kwetu yaliijua Kenya kuliko wenyeji walioyalima. Nilipopata akili, treni zilikuwa zimeshakuwa chache. Kwetu sisi watoto reli ilikuwa njia ya mkato ya kwenda shule, na mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, tuliyajua kwa hatua zake: ukikanyaga kila moja unachelewa, ukiruka moja moja unapasua suruali.

Mwenye kazi alikuwa na ploti karibu na ziwa, na behewa alilinunua mnadani kama chuma chakavu. Alitaka kulifanya banda la kuuzia kahawa na samaki. Maagizo yake yalikuwa mafupi: "Nataka ling'ae." Tulikubaliana bei ya kazi nzima, si ya siku. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Fundi aliyelipwa kazi nzima kila saa inayopita inatoka mfukoni mwake, na grainda ndiyo rafiki yake mkubwa.

Behewa lenyewe lilikuwa lile la kufungwa, fupi, la ekseli mbili (mihimili inayobeba magurudumu), lenye mlango wa kusukuma katikati ya kila ubavu. Kuta zake ni mabamba ya chuma yaliyokazwa kwa riveti. Sakafu ni mbao nene zilizokuwa nyeusi tii, na jua likiwaka sana zilitoa harufu ya sukari guru. Siwezi kuapa lilibeba sukari, lakini reli ya kutoka hapa kwenda Nakuru inapita Miwani, Chemelil na Muhoroni, na pua yangu ina maoni yake. Kwenye nyufa za mbao nilichokonoa punje za mahindi zilizogeuka mkaa, kifundo cha waya chenye kipande cha risasi kilichobanwa, na sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati. Sarafu niliitia mfukoni. Waya niliutupa. Baadaye nilikuja kujua kwamba ule waya ndio uliokuwa na thamani: ni muhuri wa mlango. Behewa likishapakiwa, karani hufunga komeo kwa waya na kubana risasi juu yake, ili likifika mwisho wa safari ijulikane kama kuna aliyefungua njiani. Nilimtupia mbuzi wa jirani.

Basi, kwa siku nne nilikuwa nimesugua ubavu mzima ulioelekea barabarani. Disiki baada ya disiki. Sikuvaa barakoa, nilijifunga leso puani. Mzee alipomaliza kunihuzunisha kuhusu namba alinihuzunisha kuhusu hilo pia. Rangi za zamani za chuma, hasa ile nyekundu ya kupaka kwanza kuzuia kutu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ukizisaga kwa grainda unazigeuza vumbi, vumbi unalivuta, linaingia damuni. Kwa watoto ni baya zaidi, linaharibu ubongo unaokua. Kijana wangu wa mkono alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na mtoto wa mlinzi wa ploti alikuwa akicheza kwenye zile nyasi kila jioni. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake tulimwaga maji, tukakwangua ule udongo wa juu kwa jembe, tukautia magunia, tukafunga. Tangu hapo rangi yoyote ya zamani naisugua kwa msasa wa maji, huku nimevaa barakoa ya kweli, na nguo za kazi hazilali nyumbani kwangu.

Mzee alirudi kesho yake. Nami nilimwita Jaduong', kama anavyostahili mtu wa rika lake hapa, na nikamvutia kiti chini ya mwembe.

Kazi yake ilikuwa eksamina wa mabehewa. Aliianza Nakuru, akahamishiwa yadi ya Kisumu, akastaafia hapo. Treni ikiingia, yeye hutembea ubavuni mwake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa, au lililolegea kwenye ekseli, hutoa sauti ya chungu kibovu. Akishagonga, anaweka mgongo wa mkono kwenye sanduku la chuma linalofunika ncha ya ekseli. Mgongo, si kiganja, kwa sababu ukiungua kiganja kesho hushiki nyundo. Ndani ya sanduku lile, kwa mabehewa ya kizamani, hakuna beringi ya golori. Kuna kipande cha shaba kilichotandikwa madini laini meupe, ndicho kinachokalia ekseli, na chini yake nyuzi za pamba zilizolowa oili zinaipangusa inavyozunguka. Nyuzi zikikauka, chuma kinakula chuma. Sanduku linachemka, pamba inaanza kufuka moshi, na ikiachwa hivyo ekseli inakatika treni ikiwa inatembea.

"Pua inajua kabla ya mkono," aliniambia. "Pamba ikiungua harufu yake ni ya blanketi kuukuu."

Aliniambia habari za mteremko wa Mau, na hapo nilisahau kazi. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya bahari. Stesheni ya Mau Summit imepita 2,500. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo treni inaimaliza kwa kuteremka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, hadi Muhoroni ambapo tambarare ya Kano inaanza, huku breki zikiwa zimeyakumbatia magurudumu karibu njia nzima. Usiku, alisema, treni ya mizigo iliyoshuka Mau ulikuwa ukiiona ikiingia na magurudumu yake yakitoa mwanga hafifu mwekundu, na harufu yake inatangulia. Ndipo anapoanza kugonga. Na gari, ndivyo alivyoliita behewa, akilikuta bovu anaandika namba yake, anachomeka kadi kwenye kibano kilichoko ubavuni, na gari hilo haliendi popote hata bosi apige kelele namna gani.

Namba, namba, namba. Kila kitu kilifuata namba. Mzigo ulipotea, iliulizwa namba. Mlango ulivunjwa, ilipigwa simu stesheni hadi stesheni kwa namba. Ndiyo maana alipoona ukuta wangu unang'aa aliona mtu aliyefutwa kwenye daftari la kijiji.

Tukaanza kuitafuta.

Ya kwanza niliipata mimi. Nilifungua kifuniko cha sanduku moja la ekseli, nikapangusa grisi iliyogeuka lami, na kwenye ncha ya ekseli pakaonekana tarakimu zilizopigwa kwa chuma. Nilimwita mzee kwa sauti kama niliyepata mafuta. Akaja, akainama kwa shida, akacheka mpaka akakohoa. Hiyo ni namba ya ekseli, alisema. Magurudumu yakilika, karakana inatoa ekseli nzima na kuingiza nyingine. Ekseli hii huenda imetembea chini ya magari kumi. Umesoma chapa ya kiatu ukadhani ni jina la mtu.

Kwenye fremu ndefu chini ya ubavu palikuwa na matundu manne ya riveti yaliyozunguka nafasi tupu. Bamba la namba lilikuwa hapo. Lilikuwa la kumiminwa, zito, na vitu vizito huwa haviishi karibu na wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Ukabaki ubavu wa pili, ule ulioelekea ukuta wa jirani. Grainda ilikuwa haijaufikia kwa sababu moja tu, waya wa stima ulikuwa mfupi. Nikanunua msasa wa maji, ule laini, ndoo, na sponji. Mzee akaketi upande wa kivuli akisimamia. Unasugua duara dogo kama la sahani, polepole, unamwagia maji, unatazama. Rangi zilijitokeza moja chini ya nyingine kama matabaka ya chapati ya kukunja: nyekundu ya tofali juu, kisha kahawia, kisha kijivu, kisha nyekundu nyingine iliyoshikana na chuma. Nilichokuwa nikikiita uchafu kilikuwa na mpangilio.

Kwenye ile nyekundu ya juu herufi zilikuwa K na R, yaani Kenya Railways. Hizo hata mimi nilizijua. Shirika la Reli la Kenya lilianza mwaka 1978, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na vilivyolala kwake. Mzee alikumbuka wiki zile: magari ya Kenya yako Kampala, ya Uganda yako Nakuru, na makarani wanahesabu kama ndugu wanaogawana ng'ombe wa marehemu. Chini ya K na R, kwenye kahawia, tukapata E, A, R, yaani East African Railways. Hapo mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Lakini kwenye kijivu, baada ya R, kulikuwa na alama iliyopinda na mstari wima. Nilitaka kuendelea kusugua. Alinishika mkono, mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu kuliko nilivyodhani. "Acha. Ukiongeza mara mbili imekwenda." Akachukua kitambaa chenye mafuta taa kidogo, akapangusa. Ilikuwa alama ya "na", ikifuatwa na H. Reli na bandari za Afrika Mashariki ziliwekwa chini ya utawala mmoja mwaka 1948, na herufi hiyo ya mwisho ndiyo bandari, Harbours kwa Kiingereza. Mwaka 1969 zikatenganishwa, bandari zikapewa shirika lake. Kwa hiyo aliyepaka kijivu kile alikipaka katikati ya miaka hiyo miwili. Mtu fulani, kwa brashi na kigezo cha bati, kabla mimi sijazaliwa, alikuwa ameniachia tarehe, na upande wa pili nilikuwa nimeisaga.

Namba ilikuwa chini ya herufi. Tarakimu za mwanzo zilisomeka. Mbili za mwisho zilikuwa zimefunikwa na kiraka cha chuma ambacho karakana ilikipigilia wakati fulani, pengine baada ya kugongwa na foko ya kupakulia. Kijana wangu alitaka tuking'oe kiraka. Mzee akakataa: kiraka nacho ni kazi ya mtu. Tukaenda kwenye boriti ya mbele, pale inaposhikiliwa kiungo cha kuunganishia magari, tukalainisha lami kwa mafuta taa kutwa nzima, na saa kumi jioni tarakimu zikatokea, zimepigwa kwa patasi, zote kwa jumla. Inaishia na saba. Sitaiandika yote hapa, nitaeleza kwa nini mbele kidogo.

Mzee alitoa kijidaftari kwenye koti. Alikuwa nacho siku zote zile na hakuniambia. Cha mfukoni, kimefungwa kwa mpira wa tairi, kimejaa namba za magari aliyoyatia kadi. Alifungua ukurasa kwa ukurasa huku akilamba kidole. Alifika mwisho, akarudi nyuma kidogo, akakifunga.

"Haimo," alisema. "Lilikuwa gari zuri."

Kati ya hayo yote niliendelea kuharibu vitu, ili msidhani mzee alinibadilisha kwa siku moja. Kifuniko kimoja cha sanduku la ekseli kilikuwa na sikio lililovunjika. Nikasema hiyo ni dakika mbili. Nikachomelea kwa rodi zangu za kila siku, nikakisugua, hata mshono hauonekani. Tukiwa tunakunywa chai tukasikia tak! kama mtu amevunja kijiti. Ufa ulikuwa umepita pembeni mwa mshono wangu, mrefu kuliko ule wa kwanza. Kile ni kasti, chuma cha kumiminwa, chenye kaboni nyingi. Hakivumilii joto la ghafla mahali pamoja na baridi kwingine, kikipoa kinajipasua chenyewe. Kinataka kipashwe moto kizima polepole, kichomelewe kwa rodi za nikeli vipande vifupi vifupi, kisha kifukiwe kwenye majivu kipoe kwa saa nyingi. Nimechomelea miaka kumi na sita na hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia, si kwa kulipia. Rodi za nikeli niliagiza Nairobi kwa pesa zangu. Majivu nilipewa bure na mama anayekaanga samaki ng'ambo ya barabara, akiniuliza kama sasa nimeanza kuzika vyuma.

Jambo lingine ni reli yenyewe. Mwenye ploti alileta vipande viwili akasema laza hapo, reli ni reli. Siyo. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita moja kamili kati ya reli na reli, ile mpya ya Mombasa ina milimita 1,435. Ndiyo sababu mzigo wa kuja huku hauwezi kupita moja kwa moja bila kuhamishwa kutoka treni hadi treni katika Bonde la Ufa. Mimi nilipima kwa futi kamba iliyolegea, nikafunga, tukashusha behewa kwa kreni. Gurudumu moja likakaa, la upande wa pili likaning'inia kwenye ukingo. Tukalinyanyua tena. Kreni inalipwa kwa saa.

Na lilipokaa sawasawa, likaondoka. Naam, liliondoka lenyewe. Ploti ile inaonekana tambarare kwa macho, lakini maji ya mvua yanajua kwamba inainamia ziwani. Tulikuwa tumetia oili mpya kwenye masanduku na nyuzi mpya za pamba, na kitu chenye uzani ule kikishalainishwa hakihitaji kusukumwa. Likasogea hatua tatu taratibu, kwa ukimya ambao sitausahau, likasimamishwa na rundo la mchanga. Hakuna aliyeumia. Mzee alishuka kitini mwake, akaenda kwenye wenzo mrefu wa breki ya mkono, akaubonyeza kwa uzito wake wote, akaufunga kwenye meno yake, kisha akaokota mawe mawili akayachomeka mbele na nyuma ya gurudumu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba gari la mizigo halina dereva, kwa hiyo kila anayelikaribia ni dereva.

Katika miezi ile nilipata safari ya Nairobi kununua vifaa, nikapitia makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Watu walikuwa wamejaa kwenye lile behewa la abiria ambamo Charles Ryall, ofisa wa polisi, alinyakuliwa na simba kule Kima mwaka 1900. Wengine walikuwa wakipigwa picha chini ya vile vichwa vikubwa vya mvuke. Mabehewa ya mizigo hayakuwa na foleni. Niliinama chini ya moja nikitazama vifuniko vya ekseli, mtoto mmoja akamwambia mama yake yule mtu amepoteza kitu.

Nimekuwa nikiwaza tangu hapo kwa nini behewa la mizigo halipendwi. Abiria ana jina, ana tiketi, anaandika barua ya safari. Simba ana hadithi. Gunia halina. Lakini reli hii haikujengwa kwa ajili ya wapigaji picha. Msumari wa mwisho hapa Kisumu uligongwa tarehe 20 Desemba 1901 na Florence Preston, mke wa mhandisi aliyetandika reli, kwenye kituo kilichoitwa Port Florence. Na kabla reli haijafika Kampala mwaka 1931, pamba ya Uganda ilivuka ziwa kwa meli, ikapakiwa hapa kwenye mabehewa na kuanza kupanda Mau kuelekea Mombasa. Jina lenyewe la Kisumu, kwa Kijaluo, linatokana na kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Mji wa mizigo tangu kabla ya behewa.

Usiku, nikisoma kwenye simu, nilikuta kwamba Uingereza watu wa kujitolea walianza kuendesha reli kuukuu wenyewe mwaka 1951, ile ya Talyllyn kule Wales, na kwamba baadhi ya mabehewa ya mizigo wanayoyatunza leo waliyaokota mashambani, yamekatwa magurudumu, yanafugiwa kuku. Lile la kuku lilinifurahisha. Nilipomweleza mzee alisema kuku wana akili, mle ndani hapavuji.

Ugomvi na mwenye ploti ulikuja mwishoni. Alikuja akiwa na picha kwenye simu: behewa jekundu la kupendeza, limechorwa kiboko na machweo. Akauliza mbona upande wa ukutani unaonekana kama haujaguswa. Nikamwambia ndio nilioufanyia kazi kuliko wote. Hakuelewa, na simlaumu, maana miezi michache nyuma ningesema kama yeye. Alitaka pia nijaze mabonde ya ubavuni kwa fila, na nizibe midomo ya mabamba ambako kutu ilikuwa imeyasukuma yakafunguka. Hilo nililikataa kwa sababu ya kifundi kabisa: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, ikiwa katikati ya mabamba mawili inayapanua kama kabari. Ukiifunika kwa fila, maji yanabaki ndani, na kwa unyevu wa ziwa hili miaka miwili mitatu baadaye fila inadondoka na bamba lake. Inabidi usafishe kati, ukaushe, umimine rangi ya kuzuia kutu mpaka itokee upande wa pili.

Tukaafikiana nusu kwa nusu. Upande wa barabarani, ambao nilikuwa nimeshaufuta, ukapakwa rangi nyekundu na kiboko akapata machweo yake. Upande wa ukutani nikaupaka vanishi isiyong'aa juu ya matabaka yote, K na R, E, A na R, ile H iliyofifia, na kiraka. Meza chache ziliwekwa upande huo kwa sababu ya kivuli cha mwembe. Namba siiandiki hapa kwa kuwa mwenye ploti anaiuliza kwa wateja: anayeisoma yote bila kuelekezwa anapewa chai ya bure. Kumbe naye aliishia kuipenda.

Malipo ya mwisho yalichelewa, kama kawaida. Rodi za nikeli, kreni mara mbili, msasa: ukipiga hesabu nilibaki na kidogo. Siku hizi nikiitwa kwenye kazi ya kitu kikuukuu, liwe geti la misheni au tangi la zamani, natoza kwa siku, na siku ya kwanza siendi na grainda. Naenda na tochi na chaki.

Siku ya kufungua banda, mzee alikuja akiwa amevaa koti lake na viatu vilivyopigwa rangi. Watu walikuwa ndani wakinywa kahawa, muziki unalia. Nilimsogezea kiti, akasema ngoja kwanza. Akatembea ubavuni polepole, upande wa ukutani, fimbo mkononi. Alipofika kwenye ekseli ya kwanza akagonga gurudumu, akainamisha sikio. Kisha akainama zaidi, akaweka mgongo wa mkono kwenye lile sanduku ambalo kifuniko chake nilikizika kwenye majivu.

"Baridi," alisema, akaenda kwenye la pili.